UZI: Nguo za kike za pamba forodhani, neno "pamba" ndilo la mwisho kuangaliwa

#1 PindoMoja (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoagiza nguo za kike za pamba, na wa mawakala wanaozitolea tamko forodhani. Mimi ada nimeshalipa, nyie someni bure.

Ankara ya aliyeniuzia ilikuwa na mstari mmoja tu: blauzi za kike, pamba 100%, katoni 40. Wakala akaziandika zote 6206.30. Namba yenyewe haina kosa, ni ya blauzi na mashati ya kike ya pamba, kwenye sura ya 62 ya HS, mfumo wa dunia wa kuainisha bidhaa forodhani. Ofisa akaomba zifunguliwe katoni tatu, akatoa nguo moja kwenye kila katoni na kuzitandaza mezani. Ya kwanza aliishika pande mbili akaivuta, ikavutika kama soksi kisha ikarudi. Akaiwekea lenzi, akaniita nichungulie: vitanzi vimeshikana safu kwa safu. "Hii haina biashara na sura ya 62." Ilikuwa fulana, ikaenda 6109.10. Ya pili ilikuwa na vitanzi pia, nzito, na chini ina mkanda wa ribu unaobana nyonga: 6110.20, waliko masweta. Ya tatu nikapumua, maana kitambaa kilikuwa cha nyuzi zilizonyooka kama shati. Akageuza pindo, akakuta lastiki imepitishwa ndani. 6211.42, mavazi mengine ya kike ya pamba.

Mstari mmoja ukawa minne, pamoja na ule wa blauzi zilizobaki 6206.30, tamko likarekebishwa, faini ikaja, na mzigo ukakaa ghalani siku ambazo sikuzipigia hesabu. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Tulisoma karatasi badala ya kushika nguo.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi tunaanza na neno "pamba". Ile namba inaanza kwingine kabisa.

Mfumo wa HS ni wa Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile popote unapofanyia biashara. Baada ya hapo kila nchi inaongeza zake, mpaka nane au kumi. Tarakimu mbili za kwanza ni sura, nne ni kichwa, sita ni kichwa kidogo. Kwa mavazi, sura ya 61 ni ya vitambaa vya vitanzi, na sura ya 62 ni ya vitambaa visivyo vya vitanzi, yaani kwa sehemu kubwa vile vya mtande na mshindio, nyuzi za urefu na za upana zinazopishana. Kiswahili hapa kinatuponza kidogo, maana tunasema "kufuma" kwa vyote viwili: sweta linafumwa na shuka linafumwa. Ukimwandikia muuzaji au wakala, usiandike "ya kufuma" ukaishia hapo. Andika vitanzi, au andika mtande na mshindio.

Ukishajua sura, unauliza nguo ni ya nani: ya kike, ya kiume au ya mtoto mchanga. Kisha ni vazi gani: gauni, sketi, suruali, blauzi, ya kulalia. Hizo ndizo tarakimu nne. Pamba inaingia mlango wa mwisho, kwenye ya tano na ya sita. Gauni la pamba la mtande ni 6204.42, la vitanzi ni 6104.42. Sketi ni 6204.52 na 6104.52. Suruali ni 6204.62 na 6104.62. Pamba ni ileile, ila sura inahama.

Kuhusu suruali kuna mtego. Siku hizi kuna zinazoonekana jinzi kabisa, rangi ya bluu iliyochujuka, mishono ya njano, mifuko ya nyuma, lakini kitambaa ni cha vitanzi. Ukizigeuza ndani unaona. Hizo ni 6104.62, hata kama lebo imeandikwa jinzi kwa herufi kubwa.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye marekebisho arekebishe.

#2 Mzee wa Katoni

Mkuu nimeweka kambi hapa. Uzi wa nyuzi, haya sasa.

Swali la haraka: umesema "nguo ya nani". Shati la wote je? Mimi naleta mashati mapana ya pamba, yeyote anavaa.

#3 PindoMoja

Angalia mbele linavyofungwa. Likiwa upande wa kulia unalalia juu ya wa kushoto, ni la kike. Kushoto juu ya kulia, la kiume. Hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya kisheria ya sura zote mbili. Kama mkato wenyewe unaonyesha wazi kuwa ni la jinsia nyingine, mkato ndio unaofuatwa. Na kama haijulikani kabisa, linaingia kwenye vichwa vya kike. Kwa hiyo shati lako la wote, lisilo na dalili yoyote, ni la kike mbele ya forodha.

#4 Mzee wa Katoni

Wateja wangu wa kiume wasione hii post.

#5 SindanoKumi

Uzi mzuri. Nafanya kazi hizi za uainishaji miaka mingi, niongezee pale kwenye nguo ya tatu, maana wengi watadhani ofisa alikuonea.

Zamani lile sharti la kubana chini lilikuwa limeandikwa kwa blauzi na mashati ya vitanzi tu, sura ya 61: vichwa 6105 na 6106 havipokei nguo yenye mifuko chini ya kiuno, wala yenye mkanda wa ribu au kitu kingine cha kubana pindoni. Sura ya 62 haikuwa na maneno hayo. Toleo la HS lililoanza tarehe 1 Januari 2022 likayaingiza na huko, kwa 6205 na 6206. Blauzi ya mtande yenye lastiki au kamba ya kukaza chini ikapoteza nafasi yake 6206. Wakala anayetumia orodha aliyoizoea kabla ya hapo atakosea kwa nia njema kabisa. Muulize wakala wako kitabu chake ni cha mwaka gani.

Hata mfuko mmoja chini ya kiuno unatosha. Nimeona blauzi ndefu nzuri imetolewa 6206 kwa sababu ya mfuko mmoja wa pembeni ambao mvaaji huenda asiutumie maisha yake yote.

#6 PindoMoja

Mkuu umenifumbua macho. Wakala wangu ana kijitabu kimechakaa mpaka jalada limetoka. Sasa naelewa.

#7 Dada Bitana

Habari zenu. Mimi naleta magauni ya mtande. Lebo inasema pamba 45%, poliesta 30%, viskosi 25%. Nimekuwa nayaandika ya pamba kwa kuwa pamba ndiyo nyingi kuliko nyingine. Niko salama?

#8 PindoMoja

Uko salama dada. Kanuni ya michanganyiko ni uzito: malighafi inayozidi nyingine ndiyo inayobeba jina. 45 inazidi 30 na inazidi 25. Basi 6204.42.

#9 SindanoKumi

Hapana, hapana. Dada Bitana usiondoke na jibu hilo. Samahani mleta uzi.

Kanuni ya uzito ipo, umeisema sawa. Lakini ulinganisho haufanywi jina kwa jina. Unafanywa kwanza sura kwa sura. Nyuzi zinazotengenezwa na binadamu zina sura mbili, ya 54 kwa nyuzi ndefu zisizokatika na ya 55 kwa nyuzi fupi. Poliesta na viskosi zote zimo humo. Na zikishindana na sura nyingine, hizo mbili zinahesabiwa kama sura moja. Pamba iko sura ya 52.

Kwa hiyo kwenye mizani upande mmoja kuna pamba 45, upande wa pili 30 na 25, jumla 55. Pamba imeshindwa. Ukishaingia upande wa mshindi ndipo unauliza nani mkubwa humo ndani: sintetiki 30 dhidi ya viskosi 25, ambayo HS inaiweka kundi lake kwa kuwa inatokana na selulosi ya mimea. Sintetiki inashinda. Gauni ni 6204.43.

Ndiyo, gauni ambalo pamba ndiyo nyuzi iliyo nyingi kuliko zote kwenye lebo, na bado si gauni la pamba.

#10 PindoMoja

Nimesimama kidete kwenye kosa. Nafuta kauli yangu ya #8, ila nimeiacha pale watu waone. Dada Bitana, niwie radhi.

#11 Dada Bitana

Mungu wangu. Na yale mengine yenye pamba 50%, poliesta 47%, elastini 3%?

#12 SindanoKumi

Elastini nayo ni sintetiki. 47 na 3 ni 50. Wamelingana, na wakilingana anachukua aliye mwisho kwa mpangilio wa namba. Sura ya 52 inatangulia, 54 na 55 zinafuata baada yake. Sintetiki tena. Ile 3% uliyodhani ni ya kufanya gauni livutike kidogo ndiyo iliyokunyang'anya pamba.

Muuzaji akikwambia anaweza kuweka pamba 52, hiyo 2 ina maana kubwa kuliko anavyofikiri.

#13 KifungoKulia

Wakuu, tofauti hiyo inauma kiasi gani kweli, au ni namba tu?

#14 SindanoKumi

Inategemea unapeleka wapi. Kwenye jedwali la Marekani kiwango cha msingi cha fulana ya pamba, 6109.10, ni 16.5%. Fulana ya sintetiki ni 32%. Gauni la mtande la pamba ni 8.4%, la sintetiki 16%. Karibu mara mbili zote. Umoja wa Ulaya umeweka 12% kwa yote manne, kwa hiyo huko pamba ishinde au ishindwe, kiwango cha kawaida ni kilekile. Hapo sijagusa tozo za nyongeza zinazopanda na kushuka, wala nafuu za mikataba ya biashara. Na hata viwango vikiwa sawa, nafuu ya mkataba inaweza kudai kanuni ya asili ya bidhaa inayosomwa kwa namba hiyohiyo, hivyo kosa linakufuata.

#15 Mzee wa Katoni

Lebo yenyewe naiamini vipi? Kuna muuzaji wangu kila kitu kwake ni pamba 100%, hata kinachong'aa.

#16 PindoMoja

Hapa nina uzoefu wa jikoni, si wa maabara. Chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani, zishike kwa kibano, ziwashe juu ya sahani. Pamba inashika moto mara moja, inanukia karatasi inayoungua, inaacha majivu mepesi ya kijivu yanayopeperuka ukipuliza. Poliesta inajikunja ikiukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inabaki punje ngumu usiyoweza kuivunja kwa vidole. Ukipata majivu na punje pamoja, una mchanganyiko.

Lakini viskosi inaungua kama pamba. Moto hauwezi kukutenganishia hizo mbili.

#17 SindanoKumi

Na moto haukupi asilimia. Maabara wanatumia njia za ISO 1833. Kwa pamba na poliesta wanaloweka sampuli iliyopimwa kwenye asidi ya salfuriki ya 75%, pamba inayeyuka, poliesta inabaki, wanaikausha na kuipima tena. Kama mzigo ni mkubwa na lebo iko karibu na mpaka, 50 kwa 50 au hivyo, lipia kipimo kabla ya kupakia.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito, kwa sababu ya jina la Dada Bitana. Bitana haiingii kwenye mizani. Gauni la pamba lenye bitana ya poliesta linahukumiwa kwa kitambaa cha nje. Vivyo hivyo vifungo, zipu, na nakshi zisizobadilisha mwonekano wa nguo.

#18 KifungoKulia

Turudi kwa fulana. Nina tisheti za kike za pamba zenye kola na vifungo vitatu. Wakala anasema 6109, kwa kuwa "ni tisheti tu".

#19 PindoMoja

Kola na vifungo vimeiondoa. Tisheti ya 6109 ni nyepesi, ya vitanzi, haina kola, haina vifungo wala zipu, shingo haijapasuliwa. Picha na maandishi yanaruhusiwa, lesi hairuhusiwi. Yako inaelekea 6106.10. Nasema inaelekea kwa sababu kuna kuhesabu vitanzi.

Sura ya 61 inasema nguo yenye wastani wa chini ya vitanzi 10 kwa sentimita, kila upande, kwenye eneo lisilopungua sm 10 kwa 10, haikai 6105 wala 6106. Inashuka 6110 kwa masweta. Mimi nilikata dirisha la sm 10 kwa 10 kwenye ubavu wa katoni tupu, nikalilaza juu ya nguo bila kuivuta, nikahesabu kwa lenzi na ncha ya sindano. Mlalo nikapata 94. Nikahesabu tena 95. Wima 88. Basi, sweta. Kwa macho ungeapa ni tisheti ya kola ya kawaida.

Ukiivuta wakati wa kuhesabu unajidanganya mwenyewe, vitanzi vinaachana.

#20 SindanoKumi

Safi. Ndiyo maana nimejiita nilivyojiita.

#21 Dada Bitana

Na seti? Blauzi na sketi kwenye mfuko mmoja, hanga moja, bei moja.

#22 SindanoKumi

Hanga moja haitoshi. Ili ihesabiwe vazi la seti, vipande viwe vya kitambaa kilekile: muundo, mtindo, rangi na mchanganyiko wa nyuzi vifanane, na saizi zioane. Kimoja cha juu, na kimoja au viwili tofauti vya chini: suruali, kaptura, sketi. Kizibao kinaweza kuongezwa kama cha pili cha juu. Ikitimia, seti ya pamba ya mtande ni 6204.22. Blauzi yenye maua na sketi isiyo na maua, hata kama rangi zinapendana, kila moja inakwenda kwake: 6206.30 na 6204.52.

Gauni halimo kabisa kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa linafunika juu na chini. Gauni na koti lake jepesi ni mistari miwili.

#23 Mzee wa Katoni

Sidiria za pamba nazo tunapiga lenzi?

#24 SindanoKumi

Hapo unapumzika. Sidiria ni 6212.10, iwe ya vitanzi au si ya vitanzi, pamba au nailoni. Kwenye tarakimu sita haijali. Moja ya rehema chache.

Ila makoti ya pamba ya mtande yaliyopakwa plastiki ya kuzuia maji yana lake. Kama tabaka unaliona kwa macho matupu, kitambaa kinahesabiwa cha 5903 na nguo inavutwa 6210. Pamba haitajwi tena. Kama tabaka halionekani, unarudi kwenye kanuni za kawaida.

#25 KifungoKulia

Kuna njia ya kumaliza ubishi kabla mzigo haujafika? Nimechoka kubishana mezani.

#26 SindanoKumi

Omba uamuzi wa awali wa uainishaji. Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, umeliweka hilo kwenye kifungu cha 3. Unapeleka maelezo na sampuli, unapewa namba kwa maandishi, na forodha ya nchi husika inafungwa nayo kwa muda uliotajwa. Peleka nguo yenyewe. Picha haionyeshi lastiki iliyo ndani ya pindo.

#27 PindoMoja

Mrejesho, wakuu. Mzigo wa pili umeingia. Safari hii nilimtumia muuzaji jedwali la kujaza kwa kila aina: vitanzi au mtande, asilimia zote za nyuzi mpaka ile ya elastini, inafungwaje mbele, mifuko iko wapi, pindo linabana au halibani. Alilalamika siku mbili kisha akajaza. Ankara imetoka na mistari 11. Ofisa alifungua katoni mbili, akalinganisha, akafunga.

Nimekwama kwenye kitu kimoja tu. Kuna mitandio midogo ya pamba ya mtande, ya mraba, nimeiandika 6214 pamoja na shali. Ofisa kaniachia ila kaniambia nikaipime.

#28 SindanoKumi

Ina ukubwa gani?

#29 PindoMoja

Sm 58 kwa 58.

#30 SindanoKumi

Mraba ambao hakuna upande unaozidi sm 60 ni leso, mkuu. 6213.20. Tuma marekebisho kabla hajakuita.

#31 Mzee wa Katoni

Sentimita mbili!

#32 PindoMoja

Nimeshapiga simu kwa wakala. Ameniuliza leso ziko ukurasa wa ngapi kwenye kile kijitabu chake.